Chupa ya Kundi la Tatu

Jumatatu, 2 Juni

Mkuu wa shule ameniita saa nne, kabla ya chai. Hakunikaribisha kiti. Hiyo peke yake ilitosha.

Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Ataingia darasani kwangu, Kidato cha Pili, hisabati, vipindi viwili mfululizo. Mada: uhusiano wa mstari mnyoofu. Ripoti ikiwa nzuri, nabaki. Ikiwa mbaya, nahamishwa kabla muhula haujaisha. Shule ya mbali, safari ya siku mbili. Mkuu alisema hayo akiangalia kalenda, si mimi. Wastani wa darasa umeshuka mihula miwili. Najua. Muhula mmoja nilikuwa hospitalini zaidi kuliko darasani. Uliofuata nilikuwa darasani, lakini sikuwapo.

"Mimi nakuelewa, mwalimu," alisema. "Karatasi haikuelewi."

Mwalimu wa taaluma alikuwepo pia. Wanafunzi wanamwita Bunduki, maana anafyatua kanuni moja baada ya nyingine mpaka kengele ilie. Ushauri wake: waandike y = mx + c mara hamsini, mkaguzi akiuliza waitikie kwa pamoja. Nikasema naomba nifundishe kwa uchunguzi. Wapime vitu wenyewe, wapange namba, wachore, ndipo waone kama kanuni ipo. Bunduki alicheka puani. "Una wiki moja na nusu, unataka kucheza na vikombe! Haya."

Haya. Neno la mke wangu. Alilisema kila alipotaka kuinuka kitini, hata kama hakuna aliyekuwa akizungumza naye. Miezi minane sasa, na bado nikilisikia nageuka.

Nimerudi nyumbani nikakuta binti yangu anajua yote. Shuleni habari haina mlango. Anasoma darasa hilohilo. Kule ananiita Mwalimu, huku Baba, na hakosei hata siku moja.

"Wakikuhamisha, mimi je?"

Nyumba ni ya shule. Mama yake mdogo ameshasema: nikihamishwa, mtoto abaki kwake, amalize masomo. Mtoto hahamishwi kila mara kama godoro, alisema. Ana haki. Kitanda kimeshatandikwa.

Nikamjibu binti yangu kwamba chakula kinapoa. Jibu gani hilo!


Jumanne, 3 Juni

Nimekusanya vifaa. Vikombe vya plastiki kumi na viwili, vya aina moja. Mishumaa minne. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ubavu wake umenyooka vizuri. Nimetoboa tundu chini kwa msumari wa moto, nikabandika ubavuni kipande cha karatasi chenye alama za sentimita, sifuri mpaka ishirini.

Makundi matatu. La kwanza: vikombe vikipachikana, kila ukiongeza kimoja mnara unapanda kiasi gani? La pili: mshumaa unapungua kiasi gani kila dakika tano? La tatu: maji ya chupa yanashuka kiasi gani kila dakika?

Vikombe nimejaribu. Mshumaa nimejaribu. Chupa sikuwahi, kengele ya kipindi cha mwisho ikalia. Maji yanatoka tundu lilelile, wakati ni uleule. Kitakachoharibika ni nini?


Jumatano, 4 Juni

Sijui nianze wapi. Siku nzuri! Nilishaisahau ladha yake.

Nimeingia, nikaandika kichwa cha somo ubaoni kwa herufi kubwa: UHUSIANO WA MSTARI MNYOOFU. Nikagawa makundi. Kelele zikaanza. Kundi la vikombe walibishana nusu kipindi kama urefu upimwe kutoka mezani au kutoka kwenye ukingo wa kikombe cha chini. Nikawaacha. Wakagundua wenyewe kwamba kikombe cha kwanza kina urefu wake mzima, vinavyofuata vinaongeza ukingo tu. "Kumbe huyu wa kwanza ndiye c!" kijana mmoja akapiga meza. Wanamwita Profesa, na leo jina lilimkaa. Miaka yote nimeandika hiyo c ubaoni. Sijawahi kuona mtu anaipigia meza.

Bunduki akachungulia dirishani. "Soko limehamia hapa?" Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Kundi la tatu walikuwa nje, bombani, kwa sababu ya maji. Binti yangu, Redio na wengine wawili. Redio ni msichana asiyenyamaza, anatangaza hata anachofikiria. Walirudi wa mwisho. Binti yangu ndiye aliyeshika karatasi. Ishirini, kumi na nane, kumi na sita, kumi na nne, kumi na mbili... Kila dakika sentimita mbili. Grafu imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Nimewapa kumi kwa kumi, wino mwekundu. Nikawaonyesha darasa zima. Wakapiga makofi. Binti yangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikiwa nafuta ubao nilikumbuka mke wangu alivyokuwa akinipokea mlangoni. "Umetoka kufundisha au kusaga unga?" Ananipangusa chaki begani kwa kiganja, mara mbili, tatu. Leo nimeingia na chaki yangu yote.


Alhamisi, 5 Juni

Mkuu amekuja darasani mwenyewe! Amepita kwenye grafu zote, mikono nyuma. Za mshumaa zimepindapinda kidogo, upepo. Za vikombe zina alama za vidole. Amesimama kwenye ya kundi la tatu.

"Hii ndiyo kazi. Ibandike pale mbele, mkaguzi akiingia aione kwanza."

Imebandikwa. Pembe nne, gundi nzito.

Shemeji amepiga simu, mdogo wa marehemu. Anauliza mtoto anakula vizuri? Nikasema anakula. Akauliza, na wewe? Nikasema kundi la tatu limepata mstari mnyoofu. Akasema: "Shemeji, nimekuuliza chakula."


Ijumaa, 6 Juni

Redio hakusema neno kipindi kizima. Nimemuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa.

Redio, kimya! Hilo limekaa nami njia nzima.


Jumamosi, 7 Juni

Niliazima chupa nije nayo nyumbani. Nia yangu ilikuwa kufanya mazoezi, nijue niseme nini mkaguzi akiwepo. Nikaiweka ukingoni mwa sinki, saa mezani, penseli mkononi.

20.
17.4.
15.
12.8.
10.7.
8.8.
7.1.

Nikasimamisha. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikajaza upya, nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji. Zilezile, zaidi kidogo, pungufu kidogo. Mara ya tatu nikaiacha iende mpaka mwisho. Dakika ya kwanza yanashuka sentimita mbili na nusu na ushee. Dakika ya kumi, sentimita moja tu. Mwanzoni yanaruka kwa nguvu, mbali, mpaka kwenye bomba. Kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyoishiwa nguvu, mwisho yanalamba ukuta wa chupa. Nimechora. Si mstari. Ni kitu kinachoinama taratibu kama mtu anayeketi.

Ualimu niliusomea chuoni miaka miwili tu. Fizikia niliiacha mapema. Lakini kuona naona. Chupa hii haiwezi kutoa ishirini, kumi na nane, kumi na sita. Haiwezi.

Karatasi yao nimeipiga picha kwa simu tangu Jumatano, kwa furaha. Nimeifungua. Wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna kilichofutwa. Karatasi za makundi mengine zina madoa. Hii ilitoka bombani, kwenye maji, na haina hata tone.

Mwandiko ni wa binti yangu. Hiyo saba kwenye safu ya dakika, yenye mkato katikati, ni ya mama yake.

Binti yangu aliingia na beseni la nguo wakati chupa inachuruzika. Akasimama. Akaangalia yale maji, si mimi. Akaweka beseni chini palepale mlangoni, akatoka. Nguo nimezianika mwenyewe.

Sikumuuliza. Niliogopa, ndiyo ukweli. Mkaguzi Alhamisi, na grafu ya uongo ipo ukutani, imebandikwa kwa amri ya Mkuu, ina kumi kwa kumi yangu juu yake.


Jumapili, 8 Juni

Shemeji amekuja mchana. Ameleta matunda na maneno. Ameingia jikoni, akaona chupa. "Siku hizi mnakunywa kwa tundu?" Binti yangu hata hakutabasamu. Shemeji akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua. "Umekonda, mama. Baba yako anakulisha grafu."

Ana upendo, huyu mwanamke. Anajua kuutoa kwa sauti. Mimi wangu unakwama kooni.

Aliponiaga aliniambia mlangoni, polepole: "Sikunyang'anyi mtoto, shemeji. Nataka tu asipotee." Nikasema najua. Kweli najua.

Alipoondoka nikaketi. Binti yangu alikuwa anapasi sare. Nikasema: namba za chupa, mlizipima?

Pasi ikasimama. Ikaanza kunuka nguo. Akainyanyua.

"Hapana."

Kwa nini?

Nikangoja. Darasani nimejifunza kungoja — ukiuliza swali usilijibu mwenyewe. Hapa ilikuwa vigumu mara mia.

Akasema walikwenda bombani, wakaijaza chupa, Redio akashika saa. Maji yakaanza kushuka. Akashindwa. Akatoka, akasimama nyuma ya choo. Wenzake wakamfuata. Kipindi kikapita. Ndipo akasema, nipeni karatasi, nitaandika mimi.

Nikauliza umeshindwa nini. Niliuliza kwa upole, naapa.

"Dripu, Baba. Umesahau?"

Sikusahau. Nilikuwa nimeiweka mahali nisipopita.

Wiki ile ya mwisho hospitalini, mtoto hakuwa na la kufanya, alikuwa anatetemeka. Nikampa kazi. Nikamwambia hesabu matone ya dripu, kila dakika, andika. Yakishuka sawasawa, mama anaendelea vizuri. Nilitaka tu mikono yake ipate shughuli. Akahesabu siku tatu. Ishirini, ishirini, ishirini. Ukurasa mzima, safi, sawasawa. Asubuhi ya nne alikuwa anahesabu bado, muuguzi alipokuja kumshika mkono.

"Yalikuwa sawasawa kila dakika," alisema. "Nilifanya ulivyoniambia."

Nilinyoosha mkono nikazima pasi. Ndicho nilichoweza.

Baadaye kidogo akasema, akiwa amenipa mgongo: "Na tena nilitaka ubaki. Ulitaka mstari. Nikakupa mstari."


Jumatatu, 9 Juni

Nimemwita Redio na wale wawili wakati wa mapumziko. Nje, chini ya paa la baiskeli. Sikutaka kuwatisha. Nikasema najua hamkupima, siwapi adhabu, nataka kujua tu — hamkuona ubaya kuandika namba ambazo hamkuziona?

Wakaangaliana. Redio akawaka kama aliyefunguliwa swichi.

"Mwalimu, lakini uliandika ubaoni! Mstari mnyoofu. Herufi kubwa! Tulijua jibu kabla hatujafika bombani. Hata tungepima, tungepata tofauti, tungerekebisha."

"Mngerekebisha?"

"Kundi la mshumaa walirekebisha mbili. Nukta zilikaa pembeni wakazirudisha kwenye mstari." Akaziba mdomo. "Sikusema hilo."

Hapo ndipo nilipokosea. Si wao. Nimewatuma watafute kitu nikiwa nimeshawaambia watakachokipata. Nimekiita uchunguzi. Na mwenyewe sikuijaribu chupa, kwa sababu mimi pia nilishajua jibu.

Nimemweleza Bunduki, nikidhani atafurahia. Hakufurahia. Alishusha kikombe cha chai. "Sikiliza, mwenzangu. Mkaguzi haji na chupa yake. Fundisha vikombe. Vikombe havina maneno. Grafu iache ukutani, ipendeze." Kisha akaongeza, bila kuniangalia: "Sitaki uende. Nitabaki kubishana na nani?"


Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Mkuu. Nimeomba niibandue grafu ya kundi la tatu. Akauliza sababu. Nikasema ina makosa. Akavua miwani.

"Makosa gani? Ndiyo nzuri kuliko zote."

Ndiyo kosa lenyewe, nikasema.

Alinitazama kama mgonjwa. Akasema usiguse kitu. Ukuta umeshapangwa. Ameshampigia mtu simu kuisifia kazi ile. Kama kuna tatizo lirekebishwe baada ya Alhamisi, si kabla. "Mwalimu, nakusaidia. Nisaidie nikusaidie."

Nilitoka nikasimama ukumbini mpaka kengele ilipolia. Ukitazama juujuu anasema kweli. Nikifundisha vikombe, mkaguzi ataona mstari, atasikia c inatoka mdomoni mwa Profesa, ataandika vizuri. Nitabaki. Binti yangu atabaki. Na kila asubuhi nitasimama mbele ya darasa ambalo watu watatu, wanne, wanajua. Mmoja wao nakula naye meza moja.

Tukiwa tunakula akauliza: "Utafanyaje?"

Nikasema sijui. Angalau safari hii sikumwambia chakula kinapoa.


Jumatano, 11 Juni

Nimeosha chupa. Nimeirudisha kabatini. Nimeitoa tena.

Binti yangu alikuwa anaandika kazi ya nyumbani. Bila kuinua kichwa: "Ukija nayo, nisikae karibu."

Sawa, nikasema. Ukae utakapo.

"Na usinitaje."

Sitakutaja. Kumi kwa kumi niliandika mimi, nitasema ni yangu.

Akaendelea kuandika. Kisha: "Mama angecheka. Angesema hawa watoto wako wa kambo watakufukuzisha kazi." Ndivyo alivyoiita hisabati, watoto wangu wa kambo, kwa sababu nilikuja nao kwenye ndoa. Tumecheka wote wawili. Kidogo. Kicheko kama gari linalowaka likazimika.

Chupa iko kwenye mkoba.


Alhamisi, 12 Juni

Ofisi ya walimu. Niko peke yangu. Nimetolewa darasani, nimeambiwa ningoje. Naandika ili mikono itulie.

Mkaguzi ni mama wa makamo, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Aliingia na Mkuu saa tatu kamili. Wanafunzi wakasimama, salamu ikatoka kwa pamoja mno, Bunduki aliwafundisha. Mkuu akamwelekeza ukutani moja kwa moja. Mama akasoma grafu ya kundi la tatu, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuketi nyuma. Mkuu karibu naye.

Ubao ulikuwa mtupu. Nilikuwa na chaki mkononi. Vikombe mezani upande wa kulia, chupa ndani ya mkoba. Nilihesabu mpaka tano.

Nikatoa chupa.

Sikuandika kichwa cha somo. Niliandika swali: MAJI YATAISHA DAKIKA YA NGAPI? Basi. Mkuu alikohoa. Nikamwita Redio ashike saa, mmoja asome alama, mmoja aandike ubaoni. Binti yangu alikuwa mwisho kabisa, dirishani, uso nje.

Ishirini. Dakika moja: kumi na saba na nukta nne. Nikauliza, sasa mnasemaje? Profesa akaja mbele na rula. Yameshuka mbili na nukta sita, mwalimu, kwa hiyo kila dakika mbili na nukta sita, akaunganisha nukta mbili, akavuta mstari mpaka chini. "Kabla ya dakika ya nane, yameisha." Nani anakubali? Mikono yote. Nani anakataa? Hakuna. Nikasema tungoje tuone.

Dakika ya pili, nukta imekaa juu ya mstari, kidogo tu. Mmoja akasema umesoma vibaya. Redio: "Njoo usome wewe basi, macho yako ya dhahabu!" Dakika ya tatu, juu zaidi. Ya nne. Wakaanza kuinuka vitini. Kijana mmoja wa kundi la mshumaa akasema sogeza nukta, Mwalimu, iguse mstari. Nikamuuliza, kwa nini? Akaketi.

Dakika ya nane, maji sentimita nne na nukta tatu. Mstari wa Profesa ulikuwa umeshatoboa mhimili na kutoka. Nilimwona Profesa anaangalia rula yake kama iliyomsaliti.

Ndipo yule mama akainuka. Akaenda ukutani. Akaibandua grafu yetu, polepole, pembe moja moja, gundi ikang'oa rangi. Akaja nayo mbele, akaishika kando ya ubao.

"Chupa ni hii hii?"

Nikasema ndiyo.

"Hii inasema sentimita mbili kila dakika. Ubao unasema vingine. Ipi ya kweli?"

Mkuu akainuka nusu. Nikaanza kusema. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu jana: mkaguzi, kosa ni langu, nilitoa jibu kabla ya swali, nikaisahihisha bila kuijaribu. Nimefika "kosa ni langu".

Kiti kikasogea nyuma.

"Hiyo niliitunga mimi," binti yangu alisema. "Hatukupima. Mwalimu hakujua siku ile."

Akasimama hapo. Mikono imeshika ukingo wa dawati. Mkuu amefumba macho. Mkaguzi akamtazama, akanitazama, sidhani kama anajua ni mtoto wangu, au labda ameona pua zetu zinavyofanana. Akauliza: "Kwa nini uliitunga?"

Binti yangu hakujibu. Nikataka kumjibia. Nikajizuia — ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyofanya tangu Oktoba.

Kisha mama akasema: "Mwalimu, tupishe kidogo. Nataka kuongea na darasa." Sauti haikuwa kali. Haikuwa laini. Nimetoka. Mkuu amebaki ndani.

Sasa dakika kumi na mbili. Kengele ya chai imelia, darasa langu halijatoka. Madarasa mengine yako uwanjani. Bunduki amepita, ameweka mkono begani kwangu, ameondoka bila neno. Bunduki bila neno!

Kutoka hapa dirishani naliona darasa, lakini silisikii. Mwanzoni mikono ilikuwa inanyanyuka, mingi. Redio amesimama, anaongea kwa mikono miwili. Mkuu yuko pembeni, amekunja mikono kifuani. Mama ameweka grafu mezani, ameandika kitu kwenye daftari lake, kirefu. Mistari mitano, sita. Sioni ni nini. Ningetoa mshahara kuona.

Sasa amefunga daftari. Anajaza chupa upya, mwenyewe! Kwa kopo, kidole kimeziba tundu, maji yanamwagikia mkono wa gauni. Anauliza kitu. Mikono haipandi. Anauliza tena.

Binti yangu ametoka dirishani. Anapita katikati ya madawati. Wanampisha.

Mkuu ametoka nje. Anavuka uwanja kuja huku, haraka, ana karatasi mkononi. Uso wake siwezi kuusoma. Anaita kabla hajafika: Mwalimu! Njoo ofisini kwangu, sasa hivi, na faili lako!

Mama ameachia tundu. Binti yangu ameinama mpaka jicho limekuwa sawa na maji. Anatazama. Midomo inatembea, anasoma namba, Redio anaandika ubaoni.

Mkuu yuko mlangoni. Nimemwambia anipe dakika moja.